Nilimwambia Ajikaze: Simu Kutoka Kambi ya Barafu

SEHEMU YA 1: SIMU YA SAA TATU USIKU

Najua niliwaahidi mada ya kumwachisha mtoto kunyonya. Naomba tuisogeze mbele, haitaoza. Kuna jambo nimekaa nalo rohoni tangu mwezi wa tatu, na juzi nimeona siwezi tena kulinyamazia.

Juzi yenyewe nilikuwa soko la Buguruni nanunua nyanya. Mama mmoja wa huku kwetu kwa Mnyamani akanisimamisha, uso umejaa furaha. Mwanawe kapata kazi Moshi, anakwenda kubeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro. Nikampongeza kwa moyo wote, maana vijana wetu kazi hawana. Halafu nikamuuliza, "Umemwambia nini wakati anaondoka?" Akanijibu, "Nimemwambia ajikaze."

Jamani, nyanya zilitaka kunidondoka. Hilo neno na mimi nililisema.

Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wetu, ana miaka 23. Humu nitamwita Kitinda. Alimaliza kidato cha nne, akaendesha bodaboda ya mtu, mwenye bodaboda akaichukua. Mwenzake alikuwa mama kijacho, mimba ya miezi saba. Shemeji yetu aliyeko Moshi akapiga simu: njoo, kuna safari, wanatafuta wapagazi. Kule mlimani wapagazi wanaitwa wagumu. Angalieni hilo jina vizuri, tutarudi kwake.

Mama akaenda Karume akamnunulia koti la mtumba, zito, lina manyoya kwa ndani. Mimi nikampa soksi pea mbili na panadol. Akapanda basi la alfajiri, akafika Moshi jioni, kesho yake asubuhi yuko njia ya Machame na mzigo wa kilo 20 kichwani. Yaani juzi yuko usawa wa bahari anakunywa chai ya Buguruni, leo anapanda mlima mrefu kuliko yote Afrika. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika zinaanza.

Siku ya nne usiku, mimi niko zamu. Wodi imejaa, wauguzi tuko wawili. Simu ikaita.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi, mbona upepo mkali hivyo?"

"Niko Barafu. Dada, kichwa kinanigonga tangu juzi. Leo nakohoa. Nikilala pumzi inakata, nikikaa afadhali."

"Una homa?"

"Sina."

"Umekula?"

"Sina hamu."

Upande wa pili mtoto anatapika, mama yake ananiita. Nikamwambia mdogo wangu, "Kunywa panadol, kunywa maji ya kutosha, lala. Jikaze mdogo wangu, zimebaki siku mbili. Mwenzio anakutegemea."

Akasema, "Sawa dada." Akakata.

Mama zangu, mimi ni muuguzi wa diploma na miaka kadhaa kazini. Mama akija na mtoto akaniambia "akilala pumzi inakata, nikimkalisha afadhali", simwambii arudi nyumbani akampe panadol. Namchukua huyo mtoto mikononi, nakimbia naye kwenye oksijeni. Lakini mtu wangu wa damu aliponiambia maneno hayohayo, nilimwambia ajikaze.

Itaendelea kesho nikiamka, leo naingia zamu.

SEHEMU YA 2: BARAFU YA HUKO SIYO YA UBUYU

Wengi mmeniandikia mkiuliza Kitinda alipona au la. Nivumilieni kidogo. Kwanza lazima tuujue huo mlima, maana kosa langu lilianzia hapo. Nilikuwa nauona kwenye kalenda na kwenye chupa za maji tu.

Mwanangu ana miaka sita. Siku Kitinda alipotuma ujumbe kwamba wanaelekea Barafu, mtoto akaniuliza, "Mama, huko Barafu kuna ya ukwaju?" Tulicheka. Watoto wetu barafu wanayoijua ni ile ya ubuyu na ukwaju, inayouzwa kwenye friji la jirani. Barafu ya kule ni jina la kambi, iko mita kama 4,670 juu ya bahari. Hapo ndipo watalii wa njia ya Machame hulala kidogo, halafu usiku wa manane wanaanza kupanda kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wapagazi wengi hawaendi kileleni, hubaki kambini kulinda mahema. Kwa hiyo usifikiri kwamba kama mwanao hafiki kileleni basi yuko salama. Kambi yenyewe iko juu sana.

Mwezi Mei 1848 mmisionari mmoja Mjerumani, Johannes Rebmann, aliuona huo mlima ukiwa mweupe juu. Akamuuliza mwenyeji aliyekuwa anamwongoza ile nyeupe ni nini. Yule mtu hakuwa na jina la theluji. Akamjibu tu, ni baridi. Wasomi wa Ulaya walikataa kwa miaka kwamba karibu na ikweta kunaweza kuwa na theluji. Yule mwongozaji hakuhitaji kubishana na mtu. Aliitaja kwa kile inachoufanya mwili, na sisi wauguzi ndivyo tunavyotakiwa kuiangalia.

Sasa hali ya theluji yenyewe. Nimewauliza watu wa kazi hiyo, nimesoma, na Kitinda kanieleza. Theluji mpya ni laini, mguu unazama, raba inaingia maji. Inafunika njia na nyayo za waliotangulia, na ukungu ukishuka mtu hajui akanyage wapi. Mchana jua likipiga, juu yake inayeyuka. Usiku ile iliyoyeyuka inaganda tena na kuwa kama kioo, na ukiteleza mahali pa mteremko huna pa kushika. Halafu ile nyeupe inarudisha mwanga wa jua machoni. Mtu bila miwani ya jua anaweza kushinda vizuri, usiku macho yakaanza kuwasha na kutoa machozi kama yametiwa mchanga. Macho yameungua.

Hatari nyingine ni mawe. Juu kule kuna mawe mengi yaliyoshikiliwa na barafu, kama vile saruji inavyoshika kokoto. Barafu ikilegea, mawe yanaachia. Januari 2006, upande wa magharibi wa Kibo, mahali panapoitwa Western Breach, mawe yaliporomoka yakaua watalii watatu Wamarekani na kujeruhi wengine. Njia ile ilifungwa kwa muda. Septemba 2015 mtalii mwingine Mmarekani alipigwa na jiwe upande huohuo, akafa. Na barafu za mlima ule zinazidi kupungua, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwapo mwaka 1912 imeshaondoka.

Dada mmoja anayeishi Norway kaniuliza inboksi, "Na maporomoko ya theluji je, yapo Kilimanjaro?" Swali zuri. Kwenye njia zetu za kawaida siyo hatari kubwa, kwa sababu theluji yetu ni chache na haikai miezi ikijirundika tabaka juu ya tabaka. Lakini wenzetu mlioko kwenye nchi za baridi, nyie yanawahusu moja kwa moja.

Mnakumbuka Katesh, Hanang, Desemba 3, 2023? Tope lilishuka kutoka mlimani likabeba nyumba, wakafa watu zaidi ya 80. Theluji nayo hufanya hivyo. Theluji mpya inakaa juu ya tabaka la chini lililo dhaifu, haijashikana nalo vizuri, kama godoro juu ya sakafu yenye unga. Mtu mmoja akikanyaga, kipande kizima cha mlima kinateleza. Mara nyingi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, tena siku moja au mbili baada ya theluji nyingi na upepo. Aliyefukiwa, akitolewa ndani ya dakika 15 hivi, nafasi ya kupona ni kubwa. Baada ya hapo inashuka haraka, maana anakosa hewa. Ndiyo maana wanaokwenda kule hubeba kifaa cha kutoa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchokoa theluji, na koleo. Halafu wanasoma kwanza tangazo la siku lenye kiwango cha hatari, kuanzia 1 hadi 5. Dada yangu wa Norway, mumeo akisema anakwenda na wenzake kuteleza nje ya njia zilizopangwa, muulize swali moja tu: leo kiwango ni ngapi?

Na Aprili 18, 2014, mlima Everest kule Nepal, barafu kubwa ilikatika ikaangukia njia. Walikufa watu 16. Wote walikuwa Wanepali waliokuwa kazini, wakiwaandalia wageni njia na kuwapandishia mizigo. Wageni wengi walikuwa bado kambini. Hao 16 nao walikuwa na mama zao.

SEHEMU YA 3: PUMZI

Haya, sasa tuje kwenye kile ambacho mimi muuguzi nilipaswa kukijua.

Watu husema juu mlimani oksijeni imeisha. Haijaisha. Sehemu ya oksijeni kwenye hewa ni ileile ya Buguruni, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Hapa baharini hewa inatugandamiza vizuri, kila pumzi inaingia imeshiba. Pale kileleni kila pumzi inabeba kama nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa. Kanuni wanayoitumia madaktari wa milimani ni hii: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na katikati uwe na siku ya kupumzika. Ndiyo maana waongozaji wanaimba pole pole, pole pole.

Mwili usipopata muda, kwanza kichwa kinauma, hamu ya kula inapotea, kichefuchefu, usingizi haushikiki. Hapo bado ni onyo. Ukiendelea kupanda, mambo mawili mabaya yanaweza kutokea. La kwanza, ubongo unavimba: mtu anapepesuka kama mlevi, anaongea yasiyoeleweka, analala asiamke. La pili, mapafu yanajaa maji: anakohoa, anahema hata akiwa amekaa, akilala anazidiwa, midomo inabadilika rangi, kifua kinatoa mlio.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea. Haya hayamchagui mdhaifu. Kijana mwenye nguvu, anayepanda haraka na mzigo, aliyelowa na baridi, anaweza kupata maji kwenye mapafu kabla ya mtalii wa miaka 60 anayetembea kama kinyonga. Kitinda alikuwa na kila sababu, mimi nikamuuliza kuhusu homa.

Usiku ule baada ya kukata simu yangu, alikunywa panadol akajaribu kulala kwenye hema kubwa la chakula pamoja na wenzake. Hakuweza. Akakaa ameegemea gunia. Theluji ilikuwa inaanguka nje tangu jioni. Hakumwambia mtu, kwa sababu ilikuwa safari yake ya kwanza, na aliogopa akirudishwa hataitwa tena. Halafu dada yake muuguzi ameshamwambia ajikaze.

Kama saa tano usiku mgumu mmoja mzoefu aliingia kuamsha wapishi, maana watalii waliondoka saa sita. Wanamwita Babu ingawa hajafika hamsini. Akamuona kijana kakaa. Akamuuliza, "Mbona hulali?" Kitinda akajibu neno moja, akavuta pumzi, akajibu neno la pili. Babu akamwekea sikio mgongoni. Alivyotusimulia baadaye, alisikia kama chungu cha uji kinachemka kwa mbali. Akamulika midomo kwa tochi. Akamwambia asimame atembee mstari mmoja, akayumba.

Babu hakusoma uuguzi. Alitoka akamwambia kiongozi wa safari, "Huyu anashuka sasa hivi." Na yule kiongozi, Mungu ambariki, hakubishana wala hakusema tusubiri kukuche. Akatoa watu wawili pamoja na Babu, wakamvika makoti yao, wakamshika huku na huku, wakashuka naye njia ya Mweka gizani kwenye theluji inayoteleza. Mzigo wake waligawana wenzake.

Kitinda anasema mwanzo alitembea kama anaota. Walipofika karibu mita 3,800, aliweza kusema sentensi nzima bila kukata. Alfajiri wakafika kambi ya Mweka, mita kama 3,100. Akaomba chai.

Hospitali Moshi walimpiga picha ya kifua. Maji kwenye mapafu. Akawekwa oksijeni, siku ya tatu akaruhusiwa. Daktari alimwambia shemeji kwamba kama wangesubiri asubuhi kule Barafu, pengine tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Mimi shemeji alinipigia saa moja asubuhi, natoka zamu, nashuka daladala Buguruni Sheli. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara na sare yangu, watu wanapita wananiangalia.

SEHEMU YA 4: KOTI LA MAMA

Leo fupi, ila wenye vijana wa kiume wasome mara mbili.

Lile koti zito alilonunua mama liliingia maji siku ya kwanza msituni. Machame chini kule ni msitu na mvua. Likalowa, likawa na uzito wa mtoto mchanga, halikukauka hadi mwisho. Chini alivaa jinzi na fulana ya pamba. Mama alinunua kwa upendo, hakujua. Hata mimi sikujua.

Nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili haraka kuliko ile kavu, na pamba na jinzi zikilowa hazikupashi kitu. Usiku wa kileleni baridi inaweza kushuka nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, bado hujaweka upepo. Mtu anayepoozwa na baridi kwanza anatetemeka. Kisha vidole vinakuwa vizito, anashindwa kufunga zipu. Ulimi unakuwa mzito. Anajikwaa. Halafu anaacha kutetemeka, na hapo wenzake wanafikiri amepata nafuu. Hapana. Hapo ndipo mwili umeishiwa kuni.

La kufanya: mtoe kwenye upepo, mvue nguo zote zilizolowa, mvike kavu, mfunike kichwa, mpashe joto kifuani na tumboni kwa mwili wa mtu mwingine au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo. Kama anajitambua na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Akiwa amelegea sana, asitembezwe wala kuvutwavutwa, abebwe taratibu. Vidole vilivyoganda usivisugue, usivisugue na theluji, na usivipeleke kwenye moto, maana havina hisia na vitaungua bila yeye kujua. Na pombe kali ya kupasha moto mwili ni uongo mtupu. Inaleta joto kwenye ngozi huku inalitoa mwilini.

Kitinda vidole viwili vya mguu vilikufa ganzi wiki tatu. Vimerudi, tunashukuru.

Sasa habari njema. Kuna shirika Moshi linaitwa KPAP, linashughulika na haki na usalama wa wapagazi wa Kilimanjaro. Huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Bila malipo, mama! Na mzigo una kikomo cha kilo 20, unapimwa getini. Mwanao akiambiwa abebe zaidi kwa kificho, ajue siyo kawaida ya kazi.

SEHEMU YA 5: DALILI ZA HATARI

Mama yeyote aliyewahi kwenda kliniki anazijua dalili za hatari. Mtoto akishindwa kunyonya, akipata degedege, akilegea asiamke, husubiri baba arudi kazini. Unambeba. Hakuna anayekuambia jikaze mama, kesho kuna kliniki.

Mlima nao una zake. Zinakili, mtumie kijana wako, mumeo, au kaka yako anayejiandaa kupanda Desemba 9 kusherehekea Uhuru, maana siku hizi Watanzania tunapanda kwa makundi, kumkumbuka Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha mwenge na bendera kule juu mwaka 1961.

Kichwa kinauma pamoja na kichefuchefu au kukosa hamu ya kula: usipande zaidi. Lala hapohapo ulipo, pumzika, mwambie kiongozi wako. Isipopungua, shuka.

Kuhema ukiwa umekaa, kukohoa kunakozidi, kushindwa kulala chali: shuka sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kupepesuka, kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kawaida: shuka sasa hivi, ukishikwa na watu, siyo peke yako.

Kuacha kutetemeka wakati bado una baridi: wapigie kelele walio karibu.

Oksijeni ya mtungi inasaidia, na kuna dawa waongozaji wengine wanazo. Lakini hizo ni za kumsaidia mtu ashuke au asubiri msaada. Siyo tiketi ya kuendelea kupanda. Na vile vidonge vya kuzuia, muulize daktari kabla ya safari, usimeze vya jirani. Dawa yenyewe ni kushuka. Hata mita 1,000 chini zinaweza kuokoa mtu, kama mlivyoona kwa Kitinda.

Ukipigiwa simu na mtu aliye mlimani, usiulize homa kama mimi. Muulize: ukikaa unahema? Unaweza kulala chali? Unatembea mstari ulionyooka? Nani yuko karibu yako, mpe simu. Kisha mwambie neno moja: shuka.

SEHEMU YA 6: MAMA ALIVYOSEMA

Hii ndiyo ya mwisho, na ndiyo ngumu kwangu.

Mama hakujua kwamba Kitinda alinipigia usiku ule. Kitinda hakusema, na mimi sikusema. Wiki zikapita. Kila mama akimsifu yule Babu wa Machame, mimi naangalia pembeni. Akamtumia mke wa Babu doti ya khanga kwa basi. Majirani wakija, mama anasema, "Mngemjua huyu mwanangu muuguzi angekuwa karibu, mambo yasingefika huko." Mnaona hiyo?

Wiki iliyopita, baada ya kukutana na yule mama sokoni, nilirudi nyumbani nikamkuta anachambua mchicha. Nikakaa kwenye mkeka nikamwambia kila kitu. Kwamba alinipigia. Kwamba alinieleza dalili zote, moja moja, kama kwenye kitabu. Kwamba nilikuwa na haraka, nikawaza hela ya vifaa vya kujifungulia, nikamwambia ajikaze.

Mama alinyamaza, akaendelea na mchicha. Kisha akasema, "Mimi nilimwambia stendi. Nilimwambia, wewe mwanaume, usirudi kabla ya wenzio."

Tukakaa hivyo hadi adhana ya magharibi.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Wagumu wanaitwa wagumu, na sisi nyumbani tunawaongezea ugumu kwa maneno yetu. Kijana kule juu anajua anaumwa. Anachosubiri ni mtu wa kumruhusu kushuka bila aibu. Kiongozi anaweza kumruhusu, lakini ruhusa ya mama na dada inasikika kwa sauti kubwa zaidi. Ile hela ya siku mbili zilizobaki, nimeipiga hesabu. Inanunua vifaa vya kujifungulia, kweli. Hainunui baba wa mtoto.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, wa kike, kilo 3.1, analia kama king'ora. Kitinda alikuwepo, kasimama nje ya chumba cha kujifungulia anatetemeka kuliko alivyotetemeka Barafu.

Na ndiyo, amerudi mlimani. Msinishangae. Kazi ni kazi, na hospitali Moshi walimpima wakamwambia anaweza, ila apande taratibu na asikawie kusema. Safari hii alifika Moshi siku nne kabla, akaazima koti lisiloingia maji na suruali, ana miwani, ana soksi za sufi. Anakwenda na kundi la Babu. Kabla hajaondoka mama alimsindikiza stendi tena, mimi nikiwepo. Akamshika mkono akamwambia, "Ukiona haiendi, shuka. Ukifika hapa sitakuuliza hela." Nilimuona Kitinda anageuza uso, anajifanya anatafuta begi.

Tumekubaliana pia: akinipigia akasema "dada nashuka", sitauliza kwa nini. Nitauliza tu yuko na nani.

Jana jioni nikiwa wodini, mtoto mmoja nimemshika kwa drip, simu ikatetemeka mfukoni. Nilipomaliza nikaisoma. "Dada shikamoo. Tuko Horombo, juu theluji nyingi sana, tumegeuza na wageni wetu, wamekasirika kidogo. Tunashuka. Wote wazima."

Nimempigia mama muda huohuo.

Kama una kijana au ndugu huko, mtumie Sehemu ya 5. Kama ulishamwambia ajikaze, mpigie leo. Yule mama wa sokoni nimemfuata kwake, tumempigia mwanawe pamoja. Wiki ijayo, Mungu akipenda, ile mada ya kuachisha kunyonya. Safari hii kweli.